Kovu Chini ya Shuka

Saif alifunga duka mapema siku ile, kabla ya adhana ya Magharibi, kwa sababu dawa ya mama yake haikutaka kukaa kwenye joto. Alikuwa ameibeba ndani ya mfuko wenye vipande vya barafu, na mkono wa pili ameshika mikate ya moto. Akakata mitaa ya Kariakoo akikwepa mikokoteni na machinga waliokuwa wakikunja biashara zao, akatokea Mchafukoge, kwenye jengo la ghorofa alimozaliwa. Lifti ya jengo lile ilikufa zamani na hakuna aliyeililia. Akapanda ngazi.

Ghorofa ya kwanza ilinuka vitunguu vya kukaanga. Ya pili ilinuka sabuni ya unga.

Ya tatu...

Saif akasimama.

Udi.

Haya, udi si kitu cha kumshtua mtu ambaye familia yake imeuza udi na marashi Kariakoo tangu enzi za babu. Watu hawa walilelewa ndani ya moshi. Lakini nyumba ile ilikuwa na eda. Mama yake, Bi Mauza, alikuwa amefiwa na mumewe, na mjane aliye ndani ya eda hajitii manukato, hapaki wanja, hajipambi wala hatokitoki. Chetezo cha nyumba kilikuwa kimefunikwa tangu siku ya msiba. Hilo lilikuwa la kwanza.

La pili ndilo lililomfanya ashike ukuta. Haukuwa udi wa mtu mwingine. Ulikuwa udi wa kupika wa baba yake, ule wenye sukari iliyoungua kidogo na kitu kingine ambacho mzee Abdulhadi hakumwambia mtu, hata wanawe. Siri ile alikwenda nayo kaburini. Wiki ya msiba Saif alitafuta dukani hata kopo moja la kuweka kama kumbukumbu, asilione.

Akagonga mlango. Dada yake, Rahaf, akaufungua kidogo tu, jicho moja likachungulia.

"Kaka, punguza sauti," akanong'ona.

"Kuna nini?"

"Baba anasali."

Saif alimtazama akidhani ni mzaha. Rahaf hakuwa mtu wa mizaha ya namna ile. Alikuwa mwalimu wa hesabu, binti aliyekuwa akiwacheka wenzake waliovaa hirizi wakati wa mitihani. Sasa alikuwa amekonda, macho yamemtoka, na kidole kiko mdomoni kumnyamazisha kaka yake.

Ndani, mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Sahani tatu. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili.

Bi Mauza alikaa kwenye mto, amevaa dera la kijani la sikukuu, macho yamepakwa wanja, chetezo kinafuka pembeni yake. Alikuwa mzuri. Jambo hilo lilimuumiza Saif kuliko yote, jinsi mama yake alivyokuwa mzuri jioni ile.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia.

"Mmepishana ngazini?" akauliza.

"Na nani, Mama?"

"Na baba yako. Ameingia sasa hivi. Hukusikia akikohoa?"

Kila aliyewahi kupanga kwenye jengo lile alikijua kikohozi cha mzee Abdulhadi. Kila jioni, akifika kwenye kona ya mwisho ya ngazi, alikuwa akikohoa mara mbili, halafu anatulia kidogo, halafu anakohoa mara moja tena. Hakuwa na kifua. Ilikuwa adabu yake, ili kama mkewe ana wageni wanawake, wapate nafasi ya kuweka mitandio yao sawa. Na wanawe waliposikia kikohozi kile, waliacha walichokuwa wakifanya na kusimama. Ndivyo walivyolelewa. Baba haingii watoto wamekaa.

"Mimi sijasikia kitu, Mama."

Bi Mauza akatabasamu, akamgeukia Rahaf.

"Si nilikwambia? Yeye hawezi kumsikia."

Saif akaweka mfuko wa dawa chini. Akasema kwa upole kwamba sindano ya sukari haijachomwa siku kadhaa na daktari ameuliza. Mama yake akavuta miguu ndani ya dera, lakini Saif alikuwa ameshakiona kidole gumba, kimefungwa kitambaa kikuukuu, na chini ya harufu ya udi akaipata harufu nyingine. Tamu. Nzito. Ya kitu kinachooza.

"Mkono uliomuuza mume wangu haunichomi sindano," alisema Bi Mauza, taratibu, kama anayekataa chai. "Chukua dawa yako."

Hapo simu ya Rahaf ikaita. Alikuwa Majid, mdogo wao wa kiume, aliyekuwa na duka lake Lindi na kila Magharibi alipiga kumjulia hali mama. Bi Mauza aliishika simu kwa mikono miwili. Akacheka. Akanong'ona. Saif aliwaaga akiwa na angalau faraja hiyo moja, kwamba mama bado anaye mtoto mmoja anayeweza kumchekesha.

Faraja hiyo angekuja kuikumbuka baadaye.

* * *

Mambo yalianza hivi. Mzee Abdulhadi alifia dukani, mchana, kwenye kiti chake, mkononi ameshika kijiti cha udi alichokuwa akimnusisha mteja. Bi Mauza na Rahaf walikuwa Tanga kwenye harusi. Majid alikuwepo mjini kufuata mzigo. Saif, mtoto wa kwanza, ndiye aliyeulizwa msikitini kama maiti azikwe au wasubiri wanawake wafike. Akasema azikwe, kwa kuwa maiti hacheleweshwi. Bi Mauza akaingia mjini kaburi limeshafukiwa, hakuona uso, hakuaga, alikuta viatu vya mumewe mlangoni na nyumba imejaa watu wanaosoma.

"Mume wangu mmemzika mimi niko barabarani," alisema siku ile. Hakulia. Ingekuwa heri angelia.

Akakaa eda, na Rahaf akaomba likizo akae naye. Mapazia yakafungwa. Wageni wakapungua, halafu wakakoma. Wakabaki wawili, mama na binti, kutwa kucha, wakiongea wao kwa wao na kwenye simu. Saif alipokuja kushtuka, neno lilikuwa limeshazaliwa mle ndani na linatembea.

Msukule.

Kariakoo hakuna asiyezijua habari hizo. Mtu anachukuliwa kichawi, watu wanaona amekufa, wanalia, wanazika. Kumbe walichokizika ni mgomba uliovalishwa sura yake. Mwenyewe yuko hai, amefungiwa stoo ya duka fulani, anafanya kazi bila kuongea, na duka linajaa wateja. Na kwa bahati mbaya yake Saif, tangu baba afe duka lilikuwa limechangamka. Watu walikuja kutoa pole na kuondoka na marashi. Mtu mwenye akili zake angeona ni huruma za wateja wa zamani. Lakini mle ndani, nyuma ya mapazia, kila kitu kilikuwa ushahidi.

Siku moja Bi Mauza alimuuliza ana kwa ana, "Wewe ndiye uliyemwosha. Uliona nini?"

Saif alijibu alivyofundishwa. "Mama, mwosha hasemi."

Ndiyo sheria ya kazi ile. Anayemwosha maiti humsitiri, na alichokiona mwilini mwake hakipeleki popote, hata kwa mkewe, hata kwa mwenzake aliyemmwagia maji. Saif aliishika amana hiyo kwa moyo wote, tena kwa fahari kidogo. Hakujua kwamba mama yake alikuwa ameuliza akitaka jibu moja dogo tu, na ule ukimya ndio ukawa msumari wa mwisho.

Jioni ile ya udi alipokuwa akishuka, mlango wa ghorofa ya pili ukafunguliwa. Alikuwa Klara, muuguzi, mwenyeji wa Songea, jirani yao wa miaka mingi. Yeye ndiye aliyekuwa akimfunga Bi Mauza kidonda kabla hajafukuzwa.

"Umekiona kidole?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekiona."

"Kimeanza kuwa cheusi, Saif. Hiki si cha kusubiri eda iishe. Atapoteza mguu, na akikaidi zaidi mtampoteza mwenyewe."

"Anasema baba yupo. Na Rahaf anasema hivyohivyo! Rahaf! Mama ningesema ni majonzi, lakini yule msomi amerogwa na nani?"

Klara akaangalia juu ya ngazi, akamvuta karibu.

"Nimewahi kuona wodini. Mume na mke, wote wawili wanamwona mtu mmoja asiyekuwepo, wanamtengea mpaka chai. Ni ugonjwa. Anaanza mmoja, mwingine anafuata kwa sababu anampenda na wamejifungia pamoja. Haupiti kwenye damu wala kwenye mate. Unapita kwenye maneno."

"Dawa yake?"

"Kuwatenganisha. Ukimwondoa aliyeanza, wengine mara nyingi wanapoa wenyewe."

"Aliyeanza ni Mama."

"Una hakika?" Klara akasema. "Mara nyingi siyo yule anayepiga kelele."

Saif hakulitilia maanani. Alikuwa ameshapata wazo, na wazo jema humfanya mtu awe kiziwi. Nani ambaye Bi Mauza hawezi kumkatalia? Majid, kitinda mimba wake. Nani aliyemmwagia Saif maji pale kwenye kitanda cha kuoshea, akauona uso wa baba kwa macho yake? Majid huyohuyo. Mwosha hasemi, sawa, lakini mashahidi wawili wakikaa mbele ya mjane na kumwambia tu kwamba ndiye, tulimwosha, tulimsitiri, alikuwa ndiye, Mungu hatawaandikia dhambi.

Akampigia palepale ngazini.

"Njoo, Majid. Mama anakufa huku. Njoo umwambie ukweli, wewe anakuamini."

Upande wa pili palisikika upepo tu.

"Nakuja, kaka," Majid akasema. "Nitamwambia ukweli."

Saif alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

* * *

Majid alifika kesho yake jioni, mkononi ana kimfuko kidogo. Saif alimkumbatia pale chini ya jengo mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa na mpango wote kichwani. Bajaji ilikuwa imeshaitwa, inasubiri mlangoni. Klara alikuwa tayari nyumbani kwake na bendeji na sindano. Majid angesema, mama angelia, kilio alichokuwa amekizuia kingetoka, halafu wangemshusha ngazi taratibu na kumpeleka hospitali. Rahaf naye angelia. Mapazia yangefunguliwa.

Walipopita ghorofa ya pili, Saif akampigapiga mdogo wake begani.

"Ahsante sana, bro. Ningebaki peke yangu."

Majid alikuwa anasikiliza kitu juu ya ngazi.

Ndani, udi ulikuwa ukifuka. Sahani zilikuwa nne.

Bi Mauza alimpokea kitinda mimba wake kwa kumshika uso. Hakuweza kusimama. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundoni, na alipohema pua zilitanuka kama za mtu aliyepanda mlima. Joto la mwili wake Saif alilisikia alipopita karibu. Hapakuwa na muda wa kupoteza.

"Mama," Saif akaanza, "nimemwita Majid kwa sababu moja. Tulikuwa wawili tulipomwosha Baba. Mimi huniamini, basi. Muulize yeye."

Nje, muadhini alikuwa akijaribu kipaza sauti... kikakwaruza... kikanyamaza.

"Mwambie, Majid."

Majid akakaa chini, akakunja miguu. Hakumtazama kaka yake. Akatoa kitu ndani ya kile kimfuko, akakiweka juu ya mkeka.

Kopo la udi. Lenye mwandiko wa baba.

"La kwanza limekwisha, Mama?" akauliza.

"Vimebaki vipande viwili," akajibu Rahaf.

Saif alilitazama lile kopo. Akamtazama Majid.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Dukani. Nilichukua yote siku ile ya msiba. Nilijua atahitaji kunusa kitu chake ili aijue njia ya nyumbani."

"Nani aijue njia?"

Majid akainua macho. Yalikuwa macho yaleyale ya Rahaf, yametoka, hayapepesi, na yamejaa machozi. Alikuwa anamhurumia.

"Kaka, mimi ndiye niliyemwambia Mama kwamba Baba yu hai. Siku ya tatu, kabla sijarudi Lindi. Mama alikataa. Wiki nzima alikataa, nikawa napiga simu kila siku. Rahaf naye alinitukana mwanzoni. Nisamehe, nilishindwa kubaki na lile jambo peke yangu."

Kila Magharibi. Kila Magharibi alikuwa akiondoka pale moyo umetulia kwa sababu Majid amepiga. Alifikiri anamwacha mama yake na dawa. Na jana, pale ngazini, kwa mdomo wake mwenyewe, ameuita ugonjwa kwa jina na kuuambia njoo.

"Mwosha hasemi, Majid," akasema mwishowe. Ndilo neno pekee alilolipata.

"Mwosha wa maiti hasemi," Majid akajibu. "Mimi sikuona maiti."

"Uliuona uso wake! Ulimwaga maji mpaka mwisho!"

"Uso wanaubandika. Kila mtu anajua." Akasogea karibu, goti kwa goti, akanong'ona. "Nikuulize kitu kimoja tu, kaka. Mkono wako ulikuwa chini ya shuka. Wa kwangu ulikuwa kwenye kata ya maji. Ulilisikia kovu?"

Kovu.

Mzee Abdulhadi alikuwa na kovu kubwa kwenye paja, juu ya goti, la sukari ya moto iliyommwagikia akipika udi ujanani. Watoto wake wote walilijua bila kuliona. Walipokuwa wadogo, wakilala mapajani mwake, walilisikia chini ya kikoi, gumu, lenye mafundo, wakalichezea kwa vidole mpaka usingizi ukawachukua.

Maiti hufunikwa shuka tangu kitovuni mpaka magotini. Anayeosha huzungusha kitambaa mkononi, akapitisha mkono chini ya shuka, akaosha bila kutazama. Ndivyo Saif alivyofanya. Maji ya mkunazi yalikuwa yanamiminika. Alikuwa analia. Alikuwa anaharakisha kwa sababu alisikia watu wa jeneza wakizungumza nje. Mkono ulipita paja la kulia, ukapita la kushoto...

Sasa, kwa kumbukumbu, akayatafuta mafundo. Akarudi palepale, kwenye ule mkono wake uliofungwa kitambaa, akaupitisha tena na tena.

Laini.

Baridi. Limelowa.

Laini kabisa.

"Kitambaa kilikuwa kizito," akasema. "Nilikuwa nalia. Mtu hawezi..."

"Ulilisikia?"

Wote watatu walikuwa wanamtazama. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja dogo, na labda mlango ungefunguka. Lakini Saif hakuwahi kumdanganya mama yake, na ujinga ulioje, jioni ile ndiyo aliyochagua kuwa mkweli.

"Sijui."

Bi Mauza akafumba macho.

"Hajui," alimwambia Rahaf. "Alikuwa na baba yake mkononi, na hajui."

Halafu akalala ubavu pale kwenye mkeka, polepole. Rahaf akapiga kelele. Saif akakimbilia mlangoni na kumwita Klara kwa jina mpaka jengo zima likasikia. Klara alipanda akihema, akapiga magoti, akakifungua kile kitambaa. Ile harufu ikaushinda udi.

"Bi Mauza, nipe mkono. Nikuchome sindano, halafu twende hospitali sasa hivi."

"Siendi," alisema mama, sauti imekuwa nyembamba. "Mume wangu akija atanikuta hapa."

"Mbebeni basi!"

Saif akainama kumbeba. Majid akasimama katikati. Rahaf akasimama pembeni ya Majid. Hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Walikuwa ndugu zake, wamelala naye chumba kimoja, wamekula naye sahani moja, na wamesimama kumlinda mama yao na yeye.

"Saif," Klara akasema bila kugeuka, "fanya unachoweza. Sitanii."

Basi akafanya. Alipiga magoti kichwani pa mama yake, mgongo umeelekea mlangoni, akaweka mdomo karibu na sikio lake, pale palipopakwa marashi ambayo mjane hapaki.

"Mama. Una haki. Tulizika mgomba."

Bi Mauza akafumbua macho.

"Sema tena."

"Tulizika mgomba. Baba yuko hai."

"Nani aliyemuuza?"

Saif akainua uso akamtazama Majid, mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuogelea na kumvalisha kanzu siku ya ndoa yake. Majid akaitikia kwa kichwa taratibu kumtia moyo, machozi yanamtiririka, kama mtu anayemwona mgonjwa wake akianza kupona. Saif hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia wakati ule.

"Mimi," akasema. "Ni mimi, Mama."

Bi Mauza akashusha pumzi ndefu. Akanyoosha mkono kwa Klara, mwenyewe, bila kuambiwa. Klara akachoma sindano upesi, akaanza kufunga bendeji.

"Nitakwenda hospitali," mama akasema. "Lakini siendi peke yangu. Mwachie baba yako."

"Nimemwachia, Mama."

"Sema kwa sauti. Asikie."

"Nimemwachia!" Saif akapaza sauti. Alikuwa amemzika baba yake kwa mikono yake, na sasa alikuwa anamtukana kwa mdomo wake. Nisamehe, Baba, akasema moyoni. Ni kwa ajili yake. Ni maneno tu.

Ni maneno tu.

Chetezo kikarusha cheche moja. Nje, muadhini akaanza adhana, akamaliza. Chini, dereva wa bajaji alipiga honi kuharakisha watu wake.

Halafu... kwenye kona ya mwisho ya ngazi...

Kikohozi. Mara mbili.

Kutulia kidogo.

Mara moja tena.

Rahaf akavuta mtandio wake, akauweka sawa. Bi Mauza akafuta jasho usoni kwa ncha ya dera na kutabasamu. Majid akasimama wima, mikono mbele.

Jengo limejaa watu, Saif alijiambia. Wapangaji wanapanda na kushuka, mtu yeyote anaweza kukohoa. Kuna vumbi. Alikuwa bado anayapanga hayo kichwani, moja baada ya jingine, alipotazama chini na kuona kwamba magoti yake hayako tena kwenye mkeka.

Alikuwa amesimama.

Hakukumbuka kunyanyuka. Miguu ilifanya yenyewe, ilivyofundishwa tangu utotoni, na haikumuuliza.

Klara peke yake alibaki chini, bendeji mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja. Akageuka kuutazama mlango uliokuwa wazi, na ngazi tupu nje yake, na giza lililoanza kuingia.

"Mbona mmesimama?" akauliza. "Saif? Mmemsimamia nani?"

Saif alitaka kumjibu. Alitaka sana amwambie hakuna, tunyanyue mgonjwa, twende. Lakini mlango wa nyumba ile ni mwembamba, na yeye ndiye aliyekuwa ameuziba.

Akajibana ukutani, akampisha aingie.